Upepo unavuma, mashine zimesimamishwa

Swali: "Mhandisi, mimi ni mstaafu, naishi Mbezi Juu, ila asili yangu ni Singida na huko tuna ekari 60 za ukoo. Mwanangu anasoma Dundee, Uskoti. Amenitumia video ya mashine za upepo kilimani: miti inainama kwa upepo, mashine zimesimama kimya. Anasema wenye mashine wanalipwa ili wazisimamishe, na huku kusini mwa nchi hiyohiyo wanawasha mitambo ya gesi. Nikakumbuka na sisi Machi 2024 tuliambiwa mitambo ya maji imezimwa kwa kuwa umeme umezidi, na wiki hiyohiyo kwangu ulikatika mara mbili, samaki wa kwenye friza wakaharibika. Sasa kuna watu wanazungumza na ukoo wetu wakitaka kuweka mashine za upepo shambani. Na hapa Dar fundi mmoja ananishawishi ninunue mashine ya upepo ya kilowati 1 niifunge juu ya paa. Kama umeme wa upepo unamwagwa hata Ulaya, sisi tunakimbilia nini? Na kwa nini wa ziada usiwekwe kwenye mabetri?"

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa samaki.

Umeuliza mambo manne kwa mpigo, lakini mzizi wake ni mmoja. Hofu yako naisikia hivi: kama Wazungu wenyewe wanajenga mashine halafu wanalipana ili zisizunguke, basi biashara hii ina walakini, na ukoo wako unakaribia kuingizwa mjini. Mwanao hajakudanganya. Mashine zinaamriwa kusimama, fidia inalipwa, na gesi inawashwa upande wa pili siku hiyohiyo. Ila kosa liko kwenye waya na kwenye saa, na upepo wenyewe unasingiziwa. Kwa shamba lenu, hilo linabadilisha swali la kuwauliza hao wageni. Nitafika huko.

Kwanza hilo neno kumwagwa. Hakuna umeme uliozalishwa ukatupwa. Amri ya kupunguza ikifika, kompyuta ya mashine inayageuza mapanga, kila moja kwenye kitako chake, mpaka ukingo wake mwembamba uelekee upepo. Upepo unapita kama unavyopita kwenye makuti ya mnazi, na mashine inatulia. Ule umeme haukuzaliwa. Kilichopotea ni nafasi, na nafasi hiyo ina bei, kwa sababu karibu gharama yote ya mtambo wa upepo hulipwa siku ya kuujenga, tena kwa mkopo. Mtambo wa gesi ukisimama, gesi inabaki kwenye bomba na utaichoma kesho. Mlango wa bwawa ukifungwa, maji yanabaki. Upepo wa leo saa nane mchana ukishapita, umepita, na riba ya benki inaendelea kuhesabiwa.

Halafu, si kila mashine iliyosimama imeamriwa na mtu. Upepo ukiwa chini ya mita 3 au 4 kwa sekunde hazizunguki kabisa. Ukifika kama mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, nyingi hujisimamisha zenyewe zisije zikavunjika. Kama kwenye video ya mwanao miti inainama kweli, inawezekana kabisa mashine zile zilikuwa zinajiokoa na hakuna aliyelipwa hata senti siku hiyo. Mwambie akatazame tena siku ya upepo wa wastani.

Sasa mzizi. Gridi haina ghala. Kila wati inayotumiwa na pasi yako Mbezi inazalishwa sekunde hiyohiyo mahali fulani: Rufiji, Kidatu, Kinyerezi. Niliwahi kufanya zamu za usiku kwenye chumba cha kuongoza gridi, na kitu tulichokikodolea macho kuliko vyote kilikuwa namba moja ukutani: 50. Ikisoma 49.97 watu wanakunywa chai. Ikisoma 49.6 chai inapoa. Namba hiyo ni hezi, mapigo ya umeme kwa sekunde, na inatokana na majenereta yote ya nchi kuzunguka kwa hatua moja kama gwaride. Matumizi yakizidi uzalishaji, yote yanalemewa kwa pamoja na namba inashuka, kama lori lenye shehena linavyopunguza mwendo likianza kupanda. Uzalishaji ukizidi matumizi, namba inapanda, na ikipanda mno vifaa vya kinga vinaanza kuitoa mitambo kwenye gridi bila kumwuliza mtu. Nikiwaambia watu kwamba nchi inaweza kuingia gizani kwa sababu umeme umezidi, wanadhani natania. Sitanii. Kwa hiyo kuzima mtambo wakati umeme umezidi ni sawa na dereva kutoa mguu kwenye mafuta. Usipofanya hivyo utafanyiwa.

Matumizi ya Dar tunayafahamu kama mke anavyofahamu tabia za mumewe. Yanapanda saa moja hadi saa nne usiku watu wakiwa nyumbani. Januari na Februari viyoyozi vinayanyanyua mchana kutwa. Mwezi wa Ramadhani kuna kainuko kadogo kabla ya alfajiri, majumba yanapoamka kula daku, halafu mstari unalala tena. Upepo haufuati ratiba hiyo. Nahodha wa jahazi anajua kusi litaingia mwezi gani na kaskazi mwezi gani, lakini hajui kesho saa tisa litavuma kiasi gani, na kwetu sisi hiyo saa tisa ndiyo kazi yenyewe. Tena nguvu ya upepo hupanda na kushuka kwa mchemraba wa kasi yake, yaani kasi mara kasi mara kasi: upepo ukishuka kutoka mita 10 kwa sekunde hadi 8, umeme wake unapungua karibu nusu. Ngozi yako haitahisi tofauti. Gridi itahisi.

Turudi Machi 2024. Mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, wa megawati 235, ulikuwa umeanza kuzalisha Februari, na mvua zilikuwa kubwa, mito imejaa. Umeme ukawa mwingi kuliko watumiaji, vituo vitano vya maji vikazimwa. Waliofanya hivyo walifanya kazi yao sawasawa. Na bado wewe ulikatikiwa, na wala hukuonewa na hesabu: uzalishaji ni jambo moja, kufika kwako ni jingine. Kati ya Rufiji na friza yako kuna njia ya kilovoti 400 hadi Chalinze, kuna vituo vya kupoza umeme, kuna njia za kati, nguzo, kikombe cha kushikia waya kilichopasuka, tawi la mwembe la jirani, na mwisho kabisa ile transfoma ya mtaa iliyofungwa mtaa ukiwa na nyumba 40 na sasa una nyumba 150 zenye viyoyozi. Bwawa kujaa hakuifanyi transfoma iwe kubwa.

Na hivi ndivyo ilivyo Uskoti. Umewahi kupita Ilula wakati wa nyanya? Ziko kwenye matenga kando ya barabara, bei ya kutupa. Lori likilala Kitonga na kuziba njia, nyanya zinaoza Ilula na siku hiyohiyo tenga sokoni Ilala linapanda bei. Hakuna mkulima aliyekosea. Uskoti kuna upepo mwingi na watu wachache, wakati London, Birmingham na Manchester ziko kusini. Nyaya zinazovuka kutoka Uskoti kwenda Uingereza ndizo Kitonga yao. Upepo ukivuma sana, nyaya zinajaa, na waya ukizidishiwa mzigo hupata moto, hurefuka, hulegea kuelekea chini na mwisho kinga zinaukata. Hivyo mwendesha gridi anampigia mwenye mashine wa kaskazini: punguza. Papo hapo anampigia mwenye gesi wa kusini: ongeza. Wote wawili wanalipwa. Wa kaskazini analipwa kwa sababu umeme wake alikwishauuza, na aliyemzuia kuupeleka ni barabara ya mtu mwingine. Mlipaji wa mwisho ni mwenye bili, na Waingereza wanalalamika kuhusu hilo kama unavyolalamika wewe kuhusu LUKU. Wana haki. Walikaribisha mashine haraka na wakajenga njia polepole. Waya mmoja mkubwa wa megawati 2,200 umepitishwa chini ya bahari upande wa magharibi, na mingine inajengwa upande wa mashariki, lakini mtambo wa upepo unaweza kusimama ndani ya miaka 2 au 3 wakati njia kuu ya umeme, pamoja na vibali na kesi za wenye mashamba, inakula miaka 10.

Kwamba tiba ni waya, tumeshaona. Texas mwaka 2009 walikuwa wanazuia kama asilimia 17 ya umeme wao wa upepo. Wakajenga njia mpya kutoka magharibi yenye upepo kwenda mashariki yenye miji, na mwaka 2014 kiasi kilichozuiwa kilikuwa kama nusu ya asilimia moja. Upepo ni uleule. China mwaka 2016 ilifikia asilimia 17 nchi nzima, na mkoa wa Gansu peke yake asilimia 43, halafu nao wakajenga nyaya na kubadili kanuni, wakashuka.

Lakini usiende mbali, majirani zetu wa Kenya wametusomea somo zima kwa gharama yao. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, zimesimikwa mashine 365, jumla megawati 310. Mwaka 2017 zilikuwa tayari. Njia ya umeme ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400 za jangwa na mawe, haikuwa tayari mpaka 2018. Mkataba ulisema umeme ulio tayari lazima ulipiwe, basi ukalipiwa huku mapanga yakitazama mbingu. Njia ilipofika likaja la pili: upepo wa Turkana hupenda kuvuma usiku, wakati Nairobi imelala na mvuke wa ardhini wa Olkaria nao hautaki kuzimwa. Usiku wa manane mmoja kati ya hao wawili lazima aachie. Na tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu yote iliingia gizani. Mamlaka ya umeme ikaeleza kuwa mtambo wa Turkana ulitoka ghafla ukiwa na megawati 270. Wenye mtambo wakajibu kwamba volteji ya gridi ndiyo ilizidi, ikawalazimisha kutoka. Mimi sina haja ya kuamua ugomvi huo. Kinachonihusu ni kwamba chanzo kimoja kilichobeba sehemu kubwa ya mzigo, kikining'inia kwenye njia moja ndefu, kikiondoka kwa pigo moja, majirani zake wanabaki na mzigo wasioweza kuuinua kwa sekunde zilizopo.

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Mtambo wa maji au wa mvuke ni chuma cha tani nyingi kinachozunguka. Ukikumbana na pigo, uzito wake unaendelea kuzunguka, kama baiskeli iliyobeba magunia matatu ya mkaa: hata ukiacha kupiga pedali inaendelea kwenda, na wewe unapata muda wa kufikiri. Mashine za upepo za kisasa zimeungwa kwenye gridi kupitia vifaa vya kielektroniki, na uzito wa mapanga yao hauisaidii gridi moja kwa moja namna hiyo. Ndiyo maana wakati mwingine upepo unazuiwa hata kama njia zina nafasi na wanunuzi wapo: mwendesha gridi anataka vyuma vizito vichache vibaki vinazunguka kwa ajili ya pigo litakalokuja. Tarehe 9 Agosti 2019 radi ilipiga njia ya umeme Uingereza, mtambo wa upepo wa baharini na mtambo wa gesi vikatoka karibu kwa pamoja, namba ile ikashuka hadi 48.8, na wateja kama milioni moja wakakatiwa ili wengine wapone. Australia Kusini, baada ya giza lao la Septemba 2016, walifunga mashine kubwa zisizozalisha chochote, kazi yao kuzunguka tu na kuipa gridi uzito. Unanunua chuma kizunguke bure. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka.

Mabetri sasa. Hao hao Australia Kusini walifunga betri ya Hornsdale mwishoni mwa 2017: megawati 100, na ilipojazwa ilihifadhi megawati-saa 129. Wakati huo ndiyo ilikuwa betri kubwa ya aina yake duniani. Ukiichukua ukaileta kwetu wakati nchi inatumia megawati 2,000, ingetubeba kwa dakika zisizofika 4. Usiidharau, maana kazi yake haikuwa kubeba nchi. Ilikuwa kuruka na kujaza pengo kabla ya sekunde kuisha, na hiyo iliifanya vizuri mno. Tangu wakati huo mabetri yameshuka bei na yamekuwa makubwa, na kuhamisha umeme wa mchana hadi saa mbili usiku yanaweza. Yasiyoweza ni kuweka upepo wa Agosti ukaliwe Novemba. Kwa hilo hakuna betri ya bei ya mtu wa kawaida, wala ya serikali.

Lakini sisi tuna kitu ambacho Waskoti wangekitamani. Bwawa la Rufiji linaweza kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 za maji. Upepo ukivuma Singida usiku, unapunguza mtambo mmoja wa Rufiji, na kila saa unaposimama umeacha bwawani maji ya yuniti 235,000. Hujahifadhi upepo, umehifadhi maji ambayo upepo umeyakomboa, na saa mbili usiku ya kesho unayafungulia. Wadenmark wamefanya hivyo miaka mingi na mabwawa ya Norway: upepo ukizidi wanawauzia, ukipungua wananunua. Kwetu kuna bahati ya ziada. Upepo wa bara una nguvu zaidi miezi ya kiangazi, kusi linapotawala, wakati ambapo mito inapungua. Wale wa kampuni ya umeme ya Mwenga kule Mufindi walishaiona hesabu hii kwa kiwango kidogo: walikuwa na mtambo wa maji wa megawati 4, kiangazi maji yakawa yanapungua, wakaongeza mashine 3 za upepo za jumla ya megawati 2.4.

Hila hii ina mipaka. Masika yakiwa kama yale ya 2024, bwawa limejaa na Rufiji chini kuna mafuriko, maji hayashikiki tena, lazima yapite. Siku hizo ndiyo kwanza upepo wa Singida ungeambiwa utulie, na ni sawa. Kupoteza kidogo kuna akili kuliko kutopoteza kabisa. Hakuna mwenye kampuni ya mabasi anayenunua magari ya kutosha abiria wote wa Moshi wa tarehe 23 Desemba, maana Februari yatalala stendi ya Magufuli. Ukisikia nchi inazuia asilimia 3 au 4 ya upepo wake, usishtuke. Ukisikia 17, uliza nyaya ziko wapi.

Basi shamba lenu. Kwa upande wa waya, Singida ina nafasi nzuri kuliko Turkana ilivyokuwa. Mgongo wa kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma hadi Shinyanga unapita hapo, na njia ya kwenda Arusha, Namanga hadi Isinya nchini Kenya inaanzia hapohapo. Kaskazini kuna njaa ya kweli: Machi 2025 serikali ilieleza kwamba itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya huko, kwa sababu umeme wa kusini unapotea mwingi njiani ukisafirishwa umbali wote ule. Mtambo ulioko Singida uko karibu zaidi na njaa hiyo kuliko Rufiji.

Upande wa pili wa shilingi ni huu. Uwezo wa mitambo yetu ulivuka megawati 4,000 mwaka 2025, na matumizi ya juu kabisa ni karibu nusu yake. Mnunuzi aliyeshiba hana haraka sokoni. Miradi ya upepo ya Singida na Makambako imezungumzwa miaka mingi bila mashine kusimama, hivyo wageni wenu wanaweza kupima upepo miaka 2, wakaondoka, na msiwaone tena, bila kuwa matapeli. Ardhi ikifungwa na karatasi miaka yote hiyo, hasara ni yenu.

Kwa hiyo swali la kuwauliza ni hili: siku gridi ikiamuru mashine zisimame, ukoo unalipwa nini? Mikataba ya namna hii huwa na sura mbili. Moja ni kodi ya kudumu kwa mwaka kwa kila mashine, izunguke isizunguke. Nyingine ni asilimia ya mauzo ya umeme, ambayo kwenye karatasi hupendeza zaidi, ila ndiyo inayowabebesha ninyi hatari ya waya msioumiliki na amri msiyoiona. Mimi ningechukua kodi ya kudumu inayopanda kila mwaka, hata kama ni ndogo kidogo, au kima cha chini cha kudumu na asilimia juu yake. Uliza pia muda wa majaribio unaisha lini na wakishindwa karatasi inakufa yenyewe au la. Nani anang'oa minara baada ya miaka 25. Na kama mtaendelea kulima. Hilo la mwisho jibu lake huwa zuri, kwa sababu mashine huchukua kipande kidogo cha ardhi na njia ya gari, alizeti na mtama vinaendelea, mbuzi wanapumzika kwenye kivuli cha mnara.

Hapo mimi naishia. Ardhi ya ukoo ina wenyewe wengi, na kama iko chini ya kijiji kuna halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wake wa kupitia. Msisaini chochote, hata ile karatasi wanayosema ni ya kupima upepo tu, kabla hamjakaa na mwanasheria wa ardhi uso kwa uso, mkiwa mmeshika hati au hati ya kimila mkononi. Akija mmoja wenu peke yake kusaini kwa niaba ya wote, mmeanza vibaya.

Kuhusu fundi wa paa, usinunue. Hiyo kilowati 1 kwa kawaida hupimwa kwenye upepo wa mita 12 kwa sekunde. Nyumba za Mbezi zenye miembe, kuta na ghorofa za jirani zikipata mita 4 kwa sekunde, jishukuru. Hiyo ni theluthi moja ya kasi, na kwa ule mchemraba, 3 mara 3 mara 3 ni 27. Gawa wati 1,000 kwa 27 unapata wati 37. Taa tatu nne za LED, mzee wangu, na mtikisiko wa bati usiku kucha. Kwa fedha hiyohiyo paneli za sola na betri yenye inveta zitalinda friza yako vizuri zaidi, mradi zifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, akupimie kwanza friza inakula kiasi gani na injini yake inawaka kwa mkupuo gani. Na umhimize aweke swichi ya kutenganisha na nyaya za nje. Bila hiyo, umeme wako unaweza kurudi nguzoni na kumkuta mtu wa matengenezo juu ya ngazi.

Huku ukisubiri, jaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji yaliyoganda na usifungue mlango umeme ukikatika, samaki watavumilia hata siku nzima. Na ile transfoma: andikeni barua ya mtaa mzima, siku na saa za kila kukatika zikiwa zimeorodheshwa, muipeleke ofisi ya wilaya ya shirika la umeme mkiwa wawili watatu. Taa zikianza kuwaka kupita kiasi au kufifia na kurudi, zima swichi kuu kwanza ndipo upige simu, maana waya wa nyutro ukilegea huunguza friza kabla hata ya samaki kuoza.